Nani Anaweza Kumwondoa Nani?

Katika mkutano mkuu uliofanyika chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya kijiji chetu, ambacho kwa heshima ya majirani zangu sitakitaja jina, bibi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya kanga yake muda wote wa kusomwa mapato na matumizi alinyoosha mkono, akasimama polepole, akauliza: "Mwenyekiti mwanangu, wewe na mtendaji, nani mkubwa?" Watu wakacheka, kicheko kile cha mtu aliyeulizwa hadharani jambo ambalo amekuwa akilinong'ona nyumbani. Mwenyekiti alimshukuru bibi kwa swali lake, akajibu kwamba yeye amechaguliwa na wananchi. Mtendaji, kijana aliyeletwa na halmashauri ya wilaya miaka miwili iliyopita, hakuinua macho kutoka kwenye daftari la muhtasari. Alisema tu kwamba kila mmoja ana majukumu yake kwa mujibu wa sheria. Bibi akasema, "Haya," akaketi.

Hakuuliza kwa udadisi. Wiki chache kabla ya mkutano, vigingi vilikuwa vimepigwa katika uwanja ulio kando ya kisima, mahali anapofunga mbuzi wake tangu mimi nikiwa mtoto, na habari zilikuwa zimeenea kwamba eneo hilo amepewa mfanyabiashara mmoja ajenge ghala la mazao. Barua ilikuwepo. Saini iliyokuwa juu yake ilikuwa ya mwenyekiti, lakini muhuri uliogongwa juu ya saini hiyo hulala katika mtoto wa meza ya mtendaji, pamoja na kibao chake cha wino, na ufunguo wa mtoto huyo wa meza hauondoki kwa mtendaji. Kwa hiyo alipokwenda kwa mwenyekiti alielekezwa kwa mtendaji, na alipokwenda kwa mtendaji alielekezwa kwa mwenyekiti, na baada ya safari mbili za namna hiyo akaona ni afadhali awaulize wote wawili mbele ya watu.

Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Jioni ya siku ile ile mpwa wangu, aliye darasa la sita, alinionyesha daftari lake la Uraia na Maadili, ambamo alikuwa amechora duara tatu zilizolingana ukubwa, akaandika ndani yake Serikali, Bunge na Mahakama, na chini yake maneno kwamba mihimili hii mitatu hufanya kazi bila kuingiliana. Mwalimu alikuwa amempa alama zote. Sikuwa na la kumkosoa mtoto, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa hata mimi, lakini mchoro ule haukuwa na mishale. Duara tatu haziwezi kumwambia mtu ni nani anayemteua nani, ni nani anayeshika fuko la fedha, na zaidi ya yote ni nani anayeweza kumwondoa mwenzake kazini. Mimi nimejizoeza kuisoma Katiba yetu ya Tanzania ya mwaka 1977 nikiwa na swali hilo la mwisho mkononi, na naona kwamba linafungua milango mingi ambayo neno "mhimili" huiacha imefungwa.

Kabla sijafika huko, niseme kwamba lugha yenyewe imechangia kutuchanganya. Neno serikali, lenye asili ya Kiajemi, sisi tunalitumia kwa maana ya Rais na mawaziri wake, kwa maana ya dola nzima, na kwa maana ya mtu yeyote mwenye muhuri. Hakimu ni mtu wa serikali, mbunge akifika jimboni anaulizwa serikali imetuletea nini, na mwalimu wa shule ya msingi akihamishwa tunasema serikali imemchukua. Hata Katiba, katika ibara ya 6, inalipanua neno hilo kwa ajili ya sehemu moja ya sura ya kwanza hadi kumjumuisha mtu yeyote anayetekeleza madaraka kwa niaba ya Serikali. Wenye utani husema serikali maana yake ni siri kali, na utani huo una ukweli wake, kwani jambo lisilo na mgawanyo unaoonekana ni rahisi kulificha. Tunayo maneno mazuri ya kutenganisha, yaani mamlaka, madaraka, utawala, uongozi na dola, ila katika mazungumzo ya kila siku yote huishia kumezwa na lile moja.

Ibara ya 4 ya Katiba ndiyo inayogawa kazi: utendaji, utoaji haki, na utungaji wa sheria pamoja na kusimamia utekelezaji wa shughuli za umma. Msomaji asiyepita haraka ataona kwamba kila kazi imepewa vyombo viwili badala ya kimoja, kwa sababu Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa tarehe 26 Aprili 1964 ulituachia Serikali mbili, mahakama za pande mbili, na Bunge pamoja na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Mambo ya Muungano, yaani yale ambayo Serikali ya Muungano huyasimamia kwa pande zote mbili, yalikuwa 11 mwanzoni, leo ni 22. Polisi ni jambo la Muungano, huduma za hospitali si jambo la Muungano. Ndiyo maana askari na muuguzi wanaopishana asubuhi katika barabara moja ya Wete, kisiwani Pemba, mmoja hupokea amri yake ya mwisho kutoka Serikali ya Jamhuri ya Muungano na mwingine kutoka Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mjadala wa serikali mbili au tatu, ambao Tume ya Jaji Joseph Warioba iliuibua upya katika rasimu zake za Katiba mpya za mwaka 2013, ni mrefu na una wenyewe; hapa naupita.

Nirudi kwenye swali la bibi, lakini nianzie Dodoma. Katiba inasema katika ibara ya 62 kwamba Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge. Ibara ya 55 inaagiza kwamba mawaziri na naibu mawaziri wote wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge, na ibara ya 66 inampa Rais nafasi ya kuteua wabunge wasiozidi kumi. Waziri Mkuu naye ni lazima awe mbunge wa jimbo, wa chama chenye wabunge wengi, na uteuzi wake uthibitishwe na Bunge kwa kura. Kwa hiyo katika duara za mpwa wangu, ile ya Serikali na ile ya Bunge hazikai mbalimbali kama alivyozichora, bali zimepandana, na katika sehemu zilipopandana wameketi watu wenye magari ya wizara. Mbunge wa kiti cha nyuma anayemhoji waziri anamhoji mwenzake wa chama, na mara nyingi anahoji kiti ambacho yeye mwenyewe anakitamani. Silaumu matamanio, ni ya binadamu. Nalaumu mpangilio unaoyafanya yawe na uzito.

Sasa tuulize nani anaweza kumwondoa nani. Bunge linaweza kumwondoa Waziri Mkuu kwa kura ya kutokuwa na imani, na chini ya ibara ya 46A linaweza hata kumwondoa Rais, kwa utaratibu mrefu unaohitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Rais kwa upande wake anaweza kulivunja Bunge katika mazingira yaliyotajwa, na moja kati ya mazingira hayo ni Bunge kukataa kupitisha bajeti ya Serikali. Tafakari maana yake kwa mbunge mmoja mmoja. Kazi yake kuu ni kusimamia fuko la umma, na kauli kali kuliko zote anayoweza kuitoa juu ya fuko hilo ni kusema "hapana" siku ya bajeti. Lakini "hapana" hiyo, ikitamkwa na walio wengi, inaweza kumrudisha jimboni kuomba kura upya. Ni hivyo hivyo kwa muswada ambao Rais ameukataa na Bunge likaupitisha tena kwa theluthi mbili kabla ya miezi sita kwisha: Rais atautia saini ndani ya siku 21, ama atalivunja Bunge. Kwa maandishi, kila mmoja ameshika kisu. Ila kisu cha mmoja kinahitaji mikono ya theluthi mbili ya ukumbi kukiinua, na cha mwingine kinahitaji mkono mmoja tu.

Hata hivyo ningekuwa mwongo kama ningesema Bunge halijawahi kuwa na nguvu. Wengi wetu tunakumbuka Februari 2008, wakati kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dakta Harrison Mwakyembe iliposoma taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akasimama bungeni kutangaza kwamba amemwandikia Rais kuomba kujiuzulu. Baraza la Mawaziri likavunjwa, Mizengo Pinda akateuliwa. Wakati huo nilikuwa nikiishi mjini, na nakumbuka kinyozi aliyeacha mteja wake na upande mmoja wa kichwa haujanyolewa ili asogee karibu na redio. Kilichonivutia baadaye, nilipotulia, ni kwamba hakuna kura ya kutokuwa na imani iliyopigwa siku ile. Kamati ilipewa nafasi ya kuita watu na kuona nyaraka, spika wa wakati huo, Samuel Sitta, aliacha taarifa isomwe na ijadiliwe, matangazo yalikwenda moja kwa moja, na hayo yalitosha. Nguvu ya Bunge ilitoka katika uwezo wa kuuliza hadharani na kupata jibu lililoandikwa. Bibi yetu wa kando ya kisima angeielewa kamati ile bila kufafanuliwa.

Mahakama ni habari tofauti. Majaji huteuliwa na Rais, lakini kuwaondoa si jambo la kuandika barua moja jioni na kuitangaza asubuhi: ni lazima iundwe tume, ambayo mwenyekiti wake na angalau nusu ya wajumbe wengine wawe majaji au waliopata kuwa majaji katika nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola. Hapo Katiba imetenganisha mkono unaoteua na mkono unaoondoa, na naona hilo ni jambo la busara kuliko mengi yaliyomo humo. Kasoro iko kwingine, katika milango ambayo Mahakama imefungiwa. Ibara ya 41(7) inasema kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mgombea kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Wakenya waliuacha mlango huo wazi katika Katiba yao ya mwaka 2010, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama yao ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliufuta uchaguzi wa Rais uliofanyika tarehe 8 Agosti. Uchaguzi ulirudiwa na aliyekuwa madarakani akashinda tena, nchi haikuanguka.

Kwa kuwa nimewataja Wakenya, ugatuzi wao una jambo moja ambalo swali langu hulionyesha vizuri. Gavana wa kaunti, mmoja kati ya 47, huchaguliwa na wakazi, na Rais hana uwezo wa kumfukuza. Anayemwondoa ni bunge la kaunti likifuatiwa na Seneti. Mkuu wa mkoa wetu huteuliwa na Rais na hudumu kwa kadiri Rais anavyopenda. Simaanishi kwamba gavana ni mtu bora kuliko mkuu wa mkoa, na magavana waliofikishwa mbele ya Seneti kwa tuhuma za matumizi mabaya wangenikanusha. Namaanisha tu kwamba kila mmoja, anapoamka asubuhi, anajua ni upande gani wa kuangalia.

Sisi tumepitia njia yetu wenyewe, na ina kichekesho chake. Kuanzia mwaka 1972 nchi ilitekeleza sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, ambayo kwa jina lake ungedhani inawapelekea wananchi madaraka. Halmashauri za wilaya na za miji, zilizokuwa na madiwani waliochaguliwa, zilifutwa, na mahali pake wakapelekwa wataalamu na maofisa wa Serikali Kuu. Madaraka kweli yalisafiri kutoka Dar es Salaam mpaka mikoani, lakini yalisafiri yakiwa mikononi mwa wale wale. Miji ilikuwa ya kwanza kuonja matokeo yake, kwa taka zisizozolewa na mifereji isiyozibuliwa, hivyo halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, kisha sheria mbili za mwaka 1982, Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji, zikazirudisha serikali za mitaa nchi nzima. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuzifuta lilikuwa moja kati ya mambo ambayo asingeyarudia. Leo ibara ya 146 inasema wazi kwamba madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Lakini tazama wilaya ilivyokaa. Diwani amechaguliwa na wananchi wa kata, na baraza la madiwani ndilo linalopitisha bajeti na sheria ndogo za halmashauri. Mkurugenzi, anayetekeleza maamuzi ya baraza hilo na kusimamia watumishi wake, ameteuliwa na Rais. Kando yao yupo mkuu wa wilaya, naye mteule wa Rais, ambaye Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 imempa hata uwezo wa kuamuru mtu awekwe mahabusu kwa muda usiozidi saa 48, akiwa na sababu za kuamini kwamba mtu huyo anahatarisha amani. Sheria imeweka masharti, ikiwamo kuziandika sababu hizo, lakini mtu aliyelala sakafuni kituoni kwa sababu ya ubishi wa mkutanoni hapewi nakala ya masharti. Mtu wa upande wa utendaji mwenye uwezo wa kufunga watu, hata kwa siku mbili tu, ameshika kipande cha kazi ya hakimu. Sijui mpwa wangu angekichora wapi.

Na sasa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) inausema mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, kuwa ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya jumla ya kijiji. Mkutano huo ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na sheria hiyo hiyo inaupa uwezo wa kumwondoa mjumbe yeyote, au wote kwa pamoja. Mtendaji wa kijiji hayumo katika hesabu hiyo. Yeye ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, mwenye kumwajibisha ni mkurugenzi, na mwenye kumwajibisha mkurugenzi yuko mbali sana na mwembe wetu. Kwa hiyo jibu sahihi la swali la bibi lilikuwa fupi, na hakuna kati ya wale wawili aliyelitoa: mwenyekiti unaweza kumwondoa wewe na wenzako mlioketi hapa; mtendaji hamuwezi, labda mmwandikie mkurugenzi. Nani mkubwa kati yao basi? Kwa sheria, mkubwa alikuwa ameketi juu ya kanga.

Kuhusu uwanja wa kando ya kisima, sheria iko wazi zaidi ya nilivyojua siku ile. Ardhi yote nchini ni ya umma na imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo kwa mfano wa mdhamini anayetunza mali ya watu wengine, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaikataza kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Barua ya mfanyabiashara, pamoja na saini yake na muhuri wake, ilikuwa imeruka ngazi. Si mimi niliyeligundua hilo. Ni mwalimu mstaafu aliyesimama nyuma ya bibi akauliza swali moja tu: muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha uko wapi? Mtendaji alifungua daftari, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaenda mbele, akarudi tena. Mwenyekiti akasema jambo hilo litaletwa katika mkutano ujao kama ajenda kamili, na kwamba kwa sasa vigingi vibaki kama vilivyo bila mtu kujenga. Watu wakanung'unika kidogo, kisha tukaingia katika mengineyo, ambamo muda mwingi uliishia kwenye mbwa wasiofungwa usiku.

Wiki mbili baadaye nilikwenda ofisini kuomba kusoma muhtasari wa mkutano ule, kwa kuwa nilitaka kunukuu kwa usahihi. Mtendaji hakunizuia, alinipa daftari na kiti, akaendelea na kazi yake. Maandishi yake ni mazuri, ya mtu aliyesoma shule yenye nidhamu. Mapato yalikuwepo, matumizi yalikuwepo, mbwa walikuwepo kwa aya nzima. Hoja ya mwalimu mstaafu ilikuwepo pia, kwa maneno kwamba mjumbe alishauri taratibu za ardhi zizingatiwe. Juu yake kidogo, kwa wino ule ule wa bluu, ilikuwa imeandikwa: "Mjumbe mmoja aliuliza kuhusu muundo wa uongozi. Alijibiwa."